Gongo, bia na macho: watu wa mialo ya Ziwa tuelezane ukweli

Dagaa Mchele

Wakuu mwangaluka.

Kuna jambo linanisumbua na hapa mtaani kila mtu ana jibu lake. Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, kambi yake iko upande wa Igombe hapa Mwanza, ana miaka hamsini na kitu. Mtu wa gongo tangu ujana, sigara juu yake. Tangu mwaka jana mwishoni macho yanamkataa. Ujumbe wa simu hasomi hata ukuze maandishi. Akikutazama usoni anasema anaona kichwa ila sura haishiki. Kilichonitisha zaidi, noti ya elfu mbili na ya elfu kumi siku hizi anauliza ni ipi. Amewahi kumpa muuza vocha elfu kumi akisubiri chenji ya elfu mbili.

Jicho haliumi. Halitoi machozi wala tongotongo. Miwani ya kuokoteza pale Mlango Mmoja amejaribu mpaka muuzaji akamchoka.

Shangazi anasema ni gongo, amwache nayo ife naye. Wenzake kambini wanasema ni jua la ziwani na mwanga wa karabai za zamani. Jirani anasema kuna mkono wa mtu. Mwenyewe anajibu: "Baba yangu alikunywa mpaka anazikwa, na sindano alikuwa anatunga uzi mwenyewe."

Sasa naomba wanaojua: pombe inaharibu macho kweli, au ni ile feki tu? Na sisi wa bia mbili tatu wikiendi tumo?

Ngosha wa Kisesa

Naweka kambi hapa, ngoja waje.

Ila mimi msimamo wangu: gongo safi haina shida na mtu. Shida ilianza na vijana wenye haraka. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 watu wakarudi kwa gongo kwa kishindo, wapishi wakazidiwa na wateja, wakaanza kuongezea madawa. Hayo ndiyo yanayopofusha.

Kijiwe cha Igogo

Ngosha umemaliza. Na kuitambua ni rahisi, mimina kidogo kwenye kisoda, washa kiberiti. Moto ukiwa wa bluu hiyo ni safi, piga. Ukiwa mwekundu kimbia. Tumekunywa hivyo miaka yote na tunaona.

Tabibu wa Zamu

Kijiwe, nitarudi kwenye kiberiti chako. Kwanza mwenye uzi.

Niko kliniki ya macho kanda hii. Nitaeleza kwa jumla, mjomba hawezi kupimwa kwa kusomwa mtandaoni.

Kwenye maelezo yako nimesimama kwenye noti. Mwenye mtoto wa jicho huona ukungu na taa za magari humchoma usiku. Mwenye glakoma, hiyo mnayoiita presha ya macho, huanza kupoteza pembeni: anagonga milango, hamwoni bodaboda anayetokea ubavuni, ila mbele bado anasoma. Mjomba wako kaanza kupoteza katikati, macho yote mawili pamoja, bila maumivu, na rangi nyekundu inamfifia, ndiyo maana noti zinamchanganya. Mtu wa namna hiyo tunauliza habari za neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Miwani haiwezi kusaidia hapo, hata ya bei kubwa.

Kwa mnywaji wa kila siku neva hiyo huumia kwa njaa. Gongo inatia nguvu na inaua hamu ya kula, lakini vitamini haina hata chembe. Mtu anaanza asubuhi, jioni anagusa kipande cha muhogo, analala. Tena pombe inazuia utumbo kunyonya vitamini B1 na foliki, na ini lililochoka haliwezi kutunza akiba. B12 nayo ikipungua ni hasara juu ya hasara. Sigara inaingiza sumu yake, na ndiyo maana madaktari wa zamani waliutaja ugonjwa huu kama upofu wa tumbaku na pombe kwa pamoja. Siku hizi tunajua kwamba upungufu wa lishe ndio unaobeba sehemu kubwa ya lawama.

Anayewahi hupewa vitamini, anaacha sigara na pombe, anakula, na uoni hurudi polepole kwa miezi. Anayechelewa, neva hupauka. Ikishapauka haioti upya.

Nijibu mambo mawili: kwa siku anakula nini, na mwaka jana alitumia dawa yoyote kwa muda mrefu?

Sasa kiberiti. Moto wa bluu unakwambia kuna spiriti ya kutosha kuwaka, basi. Methanoli nayo, ile inayopofusha, inawaka bluu hafifu ambayo mchana huioni vizuri. Zikichanganywa huwezi kutenganisha kwa moto, kwa harufu, wala kwa ulimi.

Dagaa Mchele

Kula: chai ya rangi asubuhi, mchana hana habari. Usiku wakirudi na dagaa anaweza kula ugali kidogo, siku nyingine hali kabisa. Mbalamwezi ndiyo balaa, maana hawaendi ziwani, mgao umetoka, ni kunywa tu mpaka giza lirudi.

La dawa ngoja niulize nyumbani.

Mhaya Mtulivu

Tabibu, sisi wa Kagera tunatoa ya ndizi. Wazee wanafundisha kwamba ile inayotangulia kudondoka kwenye mtambo imwagwe kwa sababu ndiyo yenye sumu. Nilidhani ukishaimwaga umemaliza kazi.

Tabibu wa Zamu

Wazee wana hoja, ila si yote. Uchachu wa matunda yenye pektini, kama ndizi na mapapai, hutoa methanoli nyingi kuliko wa nafaka au sukari, na kumwaga za mwanzo kunaondoa vitu vichafu kadhaa. Methanoli haiondoki yote, inaendelea kuvuja na zile za baadaye. Lakini kwa upishi wa kawaida wa kienyeji kiasi chake huwa kidogo, na humo humo kuna pombe ya kawaida nyingi inayopunguza makali yake.

Kinachoangusha kijiji kizima kwa usiku mmoja ni methanoli ya viwandani iliyoongezwa, ile ya kutengenezea rangi na kusafishia mitambo. Anayeongeza anataka nguvu kwa bei rahisi. Majirani zetu wameliona hili: Kenya mwezi Mei 2014 waliokufa walizidi 80 katika kaunti kadhaa na waliobaki wengine walitoka hospitali vipofu. Februari 2024 ikarudi Kirinyaga, wakafa watu wasiopungua 17. Uganda mwaka 2010 waragi, gongo yao, ya namna hiyo iliua makumi upande wa Kabale.

Kwa hiyo Ngosha yuko sahihi kuhusu vijana wenye haraka. Asiposema ukweli ni pale kwenye "safi". Gongo haina lebo, haina kiwanda, haina wa kumshtaki. Usafi wake unaujua kesho yake.

Mama Lishe Mwaloni

Kesho yake? Mimi nilimwona wa kesho kutwa.

Nauza chakula Kirumba pale Mwaloni, vijana wa mitumbwi ni wateja wangu. Kuna mmoja alikunywa na wenzake wakati wa mbalamwezi, wakaanza na bia, wakamalizia gongo ya mtu mgeni asiyejulikana pale. Kesho yake alikuja kunywa supu kwangu, mzima, anacheka. Siku iliyofuata akaja ameshika ukuta. Akaniambia, "Mama, mbona leo kuna ukungu?" Jua lilikuwa linawaka. Tumbo linamkata, anapumua haraka kama katoka kukimbizwa.

Wenzake wakamnywesha maziwa. Mwingine akaleta majani akamkamulia machoni. Walipofika hospitali, wakiogopa polisi, wakasema kala dagaa walioharibika. Akatundikiwa maji, akatibiwa tumbo. Ukweli ulisemwa usiku, na wa kuusema alikuwa mdogo wake wa kike, si wale wanaume. Kijana alipona. Macho hayakurudi, sasa anavuta kamba nchi kavu, anaelekezwa kwa sauti.

Kijiwe cha Igogo

Mama, kama alikuwa mzima siku nzima basi si gongo iliyomfanya. Sumu inasubiri?

Tabibu wa Zamu

Inasubiri, na hapo ndipo inapodanganya watu.

Methanoli yenyewe ikiwa kwenye glasi haina ukali mkubwa. Ini ndilo linaigeuza, kwanza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo inazima uzalishaji wa nishati ndani ya chembechembe za mwili, na neva ya jicho ni mlaji mkubwa wa nishati, ndiyo maana inakufa mapema. Kazi hiyo huchukua saa 12 hadi 24 kwa kawaida. Mtu akiwa amekunywa bia au pombe nyingine pamoja nayo, dalili zinaweza kuchelewa zaidi. Kijana wa Mama alianza na bia, ndiyo maana siku ya kwanza alikula supu.

Kiasi si kikubwa. Mililita 10 za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kupofusha. Mililita 30 zinaweza kuua.

Hangova ya kawaida inapungua kadiri siku inavyokwenda. Ikiwa saa zinapita na mtu anazidi, anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na kasi, anasema anaona ukungu au weupe, mpeleke usiku huohuo. Taja gongo mlangoni, kwa mtu wa kwanza mwenye koti jeupe. Gongo ni haramu kisheria na hofu yenu naielewa, ila daktari anayedhani ni dagaa walioharibika atatibu dagaa. Chupa ikiwepo na mabaki yake ibebeni. Na wote waliokunywa naye waende, hata anayecheka.

Ngosha wa Kisesa

Hospitali wanafanya nini ambacho maziwa hayafanyi?

Tabibu wa Zamu

Wanapima ukali wa asidi kwenye damu na kuushusha kwa bikaboneti. Wanampa mgonjwa foliki, inasaidia mwili kuvunja ile asidi ya fomiki. Wanazuia ini lisiendelee kuizalisha. Hali ikiwa mbaya, damu inasafishwa kwa mashine, na kwa kanda hii safari mara nyingi ni Bugando. Maziwa hayafanyi hata moja katika hayo, yanapoteza saa tu.

Mwalimu wa Hesabu

Tabibu, "wanazuia ini" kwa kutumia nini? Nilisoma mahali kwamba dawa yake ni pombe. Nikadhani ni chai.

Tabibu wa Zamu

Si chai. Kuna dawa maalumu iitwayo fomepizoli, ghali na adimu kwetu. Isipokuwepo, ethanoli yenyewe, pombe ya kawaida, hutumika. Kimeng'enya cha ini ni kama mlango mmoja wenye watu wawili wanaotaka kuingia. Ethanoli inapendelewa, ikijaa mlangoni methanoli inabaki nje bila kugeuzwa na figo au mashine inaitoa taratibu.

Kijiwe cha Igogo

Hahahaaa! Wakuu mmesikia? Konyagi ni dawa! Nilijua kuzimua kuna siri. Ukishtukia gongo imekaa vibaya unashushia konyagi, mchezo umeisha. Funga uzi.

Tabibu wa Zamu

Kijiwe, nilijua wewe ndiye utakayesema hivyo.

Hospitalini kiwango cha pombe kwenye damu kinashikiliwa mahali pamoja kwa saa nyingi, kinapimwa na kupimwa tena, huku asidi ikishushwa na damu ikisafishwa. Wewe nyumbani utakunywa, utalala, konyagi itaisha mwilini alfajiri, na methanoli itakuwa bado ipo pale pale inasubiri mlango. Umejinunulia usingizi na kuchelewa. Au utazidisha, ushindwe kupumua, au utapike ukiwa hujitambui upaliwe. Pia hujui kilichokuwemo kwenye hiyo chupa ya pili.

Mama Lishe Mwaloni

Kijiwe mwanangu, njoo Mwaloni nikuonyeshe anayevuta kamba.

Mwalimu wa Hesabu

Tuje kwetu wa bia. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu, uzito wake ni kama gramu 20. Wanaotafiti wengi wanahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 hadi 14. Kwa hiyo anayejisifu "bia tatu tu" amekunywa gramu 60, sawa na vinywaji vinne hadi sita vya wataalamu. Mkisoma habari za "wanywaji wa kiasi" msijihesabu kwa chupa.

Swali kwa Tabibu: ushahidi wa bia na macho ukoje? Leta usiotupanga.

Tabibu wa Zamu

Ukweli ni kwamba hauko mnyoofu.

Mtoto wa jicho: wanywaji wakubwa wanaelekea kuupata zaidi. Wanywaji kidogo matokeo yanapingana. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2021, ukiangalia karibu watu nusu milioni, ulikuta wanywaji wa kiasi, hasa wa mvinyo mwekundu, wakifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mara chache kuliko wasiokunywa. Kabla hujakimbilia mvinyo: anayekunywa glasi ya mvinyo na chakula Uingereza mara nyingi ana kipato, anakula mboga, hachomwi na jua kutwa nzima. Utafiti wa kuangalia tu hauwezi kukwambia ni mvinyo au ni maisha.

Glakoma: pombe inashusha presha ya jicho kwa muda mfupi, saa chache. Watu wanaichukua hiyo kama habari njema. Ila tafiti zilizojumlishwa pamoja hazioni kinga yoyote, zinaonyesha uhusiano hafifu wa upande mbaya. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa anapiga mbili kabla ya kuja kliniki ili kipimo kitoke kizuri. Anamdanganya nani sasa?

Retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) ya katikati inayochakaa uzeeni: zaidi ya vinywaji vitatu kwa siku, vya hesabu ya Mwalimu si vya kwako, hatari inaongezeka. Sigara inaizidi pombe kwa mbali hapo.

Macho kukauka: pombe hufika mpaka kwenye machozi na kuyaharibu, ndiyo ule mchanga unaouhisi asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kiafya, na hapo walikuwa wanafikiria saratani zaidi kuliko macho. Kwa macho peke yake, bia mbili za Jumamosi si jambo la kukunyima usingizi. Nahofia zaidi unavyorudi nyumbani baada yake. Majeraha ya macho yanayoletwa Jumapili asubuhi, chupa iliyopasuliwa kichwani, bodaboda bila kofia ngumu, ngumi: hayo hayahitaji utafiti wa Uingereza.

Bodaboda Buzuruga

Nathibitisha hilo la Jumapili. Naomba lisijadiliwe zaidi.

Ngosha wa Kisesa

Na macho mekundu ya wanywaji? Na kile kinyama kinachoota kuelekea mboni? Kambini karibu wazee wote wanacho, na wote wanapiga mtungi.

Tabibu wa Zamu

Wekundu ni mishipa kupanuka, unaondoka. Kinyama ni jua, upepo na vumbi. Mvuvi anapigwa na jua la juu na lile linalorudishwa na maji, na mzee wa kambini asiyeonja pombe maisha yake yote anacho vilevile. Kofia pana na miwani ya jua husaidia. Msilaumu gongo kwa kila kitu. Mnapoilaumu hivyo, mtu anakaa nyumbani akidhani ni adhabu yake, kumbe ana ugonjwa unaotibika.

Manjano ni habari nyingine. Weupe wa jicho ukigeuka njano, tatizo liko kwenye ini, na ni la kwenda hospitali leo. Ini likiharibika na akiba ya vitamini A inapotea, mtu anaanza kutoona gizani. Na mnywaji akianza ghafla kuona vitu viwili viwili, mboni zinachezacheza, anayumba hata asipokunywa na anachanganyikiwa, huo ni upungufu mkali wa B1 ulioelezwa na Karl Wernicke tangu 1881. Watu husema "kalewa tu" wakamlaza. Akipewa B1 ya sindano mapema macho yanaweza kutulia ndani ya saa au siku chache. Akicheleweshwa, kumbukumbu inaweza isirudi.

Binti wa Ukerewe

Samahani nauliza pembeni. Dada yangu ni mjamzito na anakunywa, anasema kidogo. Macho ya mtoto yanaweza kudhurika?

Tabibu wa Zamu

Ndiyo. Mtoto anaweza kuzaliwa na neva za macho ndogo kuliko kawaida, nafasi za macho fupi, pamoja na matatizo ya akili na ukuaji. Hakuna kidogo kinachojulikana kuwa salama tumboni. Aache sasa, hata kama amefika miezi mingapi, na amwambie mhudumu wa kliniki bila kuficha.

Binti wa Ukerewe

Asante kaka. Nitamwonyesha hapa hapa.

Dagaa Mchele

Wakuu nimerudi. Nimemuuliza shangazi habari ya dawa. Anasema mjomba alikuwa na TB mwaka jana, alitumia dawa miezi yake yote, alikuwa anazifuata kituo cha afya. Ndani ya kipindi hicho ndipo macho yalianza, ila wote tukadhani ni gongo kwa sababu hakuiacha hata akiwa kwenye dozi.

Tabibu wa Zamu

Nilikuwa naisubiri hiyo.

Mojawapo ya dawa za TB, ethambutoli, inaweza kuumiza neva ya jicho kwa namna ileile: katikati, macho mawili, bila maumivu, rangi nyekundu na kijani kwanza. Haitokei kwa wengi, na hutegemea dozi, muda na hali ya figo. Kwa mjomba kuna dawa, lishe duni, tumbaku na gongo, vyote kwenye neva ileile. Kipi kilichoumiza zaidi hakijulikani kwa kukisia. Anahitaji kupimwa uoni, rangi, kuangaliwa neva ndani ya jicho, damu na figo.

Mpeleke wiki hii, kliniki ya macho ya Sekou Toure au Bugando. Beba kadi yake ya TB. Kama bado kuna kidonge chochote cha TB anachotumia asikiache mwenyewe, atabadilishiwa na wanaomtibu. Na wenzake kambini walio kwenye dozi sasa hivi waambie: wakiona rangi zinafifia au maandishi yanapotea, waseme siku hiyohiyo, wasisubiri tarehe ya kliniki.

Mama Lishe Mwaloni

Akigoma kwenda mwambie kuna mtu kampa elfu kumi badala ya mbili akakimbia. Hela itamtoa kitandani. Na kabla ya safari mlishe, maharage, mayai, mchicha, sangara. Si chai ya rangi.

Dagaa Mchele

Kadi ameiacha kwenye sanduku kambini, naifuata kesho asubuhi. Shangazi kashakubali kumsindikiza, ila kaapa hatampa hata nauli ya kurudia kilabuni.

Ngosha wa Kisesa

Mkitoka huko tuletee gharama za vipimo hapa, na kama bima inakubali. Kuna wengine kambini kwetu wanauliza noti.